Yule Anayetuambia Yuko Wapi?

Ilikuwa Jumamosi usiku, mwezi wa saba, baridi ya Uyole ile ya kuvaa soksi mbili. Mama alikuwa amejifunika blanketi hadi kidevuni, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Nilikuwa nimenunua bando la kutosha na nimempatia tamthilia ya Kimarekani ya familia ya wafugaji: ng'ombe wengi, milima, ukungu wa asubuhi. Nilijua angeipenda, kwa kuwa yeye ni binti wa mfugaji wa Rungwe.

Na yote ilikuwa kwa Kiswahili. Maandishi ya chini macho yake hayayawezi tena. Hii ilikuwa sauti kabisa, iliyotengenezwa na akili mnemba, kila mhusika na sauti yake, mdomo ukifunguka neno linatoka.

Dakika kumi za kwanza tulikwenda vizuri. Mzee wa familia akafa. Wakazika. Wakarudi nyumbani, wakaketi mezani, na kijana mkubwa wa marehemu akamgeukia mwanaume mmoja mwenye kofia, akamwambia, "Mjomba, huwezi kuchukua shamba la baba."

Mama akaweka kikombe chini.

"Mjomba anatafuta nini kwenye shamba la shemeji yake?"

Nikamwomba tuendelee, huenda tukaelewa mbele. Yule mjomba akajibu kwamba shamba ni la ukoo, kwamba baba yake ndiye aliyelifyeka kwa mikono yake. Mama akaacha kuangalia TV, akaniangalia mimi.

"Ukoo gani? Wa mke?"

Sikuwa na jibu. Tukakaa kimya kidogo, wale watu wakigombana kwa Kiswahili safi kisicho na doa. Kisha akauliza:

"Na yule anayetuambia yuko wapi?"

"Nani, Mama?"

"Yule anayetuambia."

Nikamwambia hayupo, siku hizi wanaongea wenyewe. Akasema haya, akamaliza chai yake, akatuaga na kwenda kulala. Saa tatu ilikuwa bado.

Swali lile limekaa na mimi wiki sita sasa.

## Bati la Tukuyu

Aliyekulia Tukuyu anajua mvua ya kule haina haya. Inaanza mchana na hujui itaisha lini. Kibanda umiza chetu kilikuwa na bati tupu, bila dari, na mvua ikikolea usingeweza kumsikia hata mtu aliyekaa bega kwa bega na wewe. TV ilikuwa moja, deki moja, benchi za mbao, na sisi watoto chini mbele kabisa, shingo zimepinda.

Kanda nyingi zilikuja hazijatafsiriwa. Kwa hiyo mwenye banda alikuwa na kijana mmoja wa Makandana, aliyekaa kwenye kiti kirefu pembeni mwa TV na kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kutuambia.

Kiingereza chake, leo nikikumbuka, kilikuwa kidogo, na Kichina hakuwa nacho kabisa. Lakini alikuwa ameitazama kila kanda mara mbili au tatu kabla yetu, na alijua nani atakufa, nani msaliti, nani anampenda nani. Mvua ikipiga bati, sauti za kwenye kanda zilipotea zote. Ikabaki picha na yeye. "Huyu mnayemwona anacheka, msimwamini." Tulikuwa tunashika pumzi. Mambo yakinoga aliteleza akaingia Kinyakyusa bila kujua, na banda zima likalipuka.

Siku hizi watu wakisimulia habari za vibanda umiza husimulia joto, jasho, na kufukuzwa na wazazi. Kwetu ilikuwa baridi na mvua, na sauti moja iliyotupitisha katikati ya kelele.

## Wali na pilau

Baadaye ufundi ule ukaingia ndani ya kanda zenyewe. Dar es Salaam walitokea watafsiri waliorekodi sauti zao juu ya filamu, na jina lililotutawala sisi wa enzi zile ni Lufufu, yaani Derek Mukandala. Mtu mmoja, sauti moja, anayesema kwa niaba ya jambazi, polisi, bibi harusi na mtoto mchanga, na katikati anatoka nje ya hadithi kukueleza jambo, kisha anarudi. Mmoja wa watafsiri wa Dar aliwahi kuifananisha kazi hiyo na kugeuza wali kuwa pilau. Sisi tunaopakana na mchele wa Kyela tunaelewa. Wali mtupu unalika, lakini mtu akiweka viungo umejua kuna aliyesimama jikoni.

Ikumbukwe kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Kwa watu wengi wa umri wa mama yangu, picha inayotembea haijawahi kuwa kitu kinachokuja peke yake. Imekuja na mtu. Hata kabla ya uhuru ilikuwa hivyo. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walifanya jaribio lao la sinema za kuelimisha Waafrika wakiwa na kambi Vugiri, huko Usambara, wakazungusha filamu kwa lori hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti haikuwa kwenye filamu yenyewe. Ilikuwa kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Picha ilitoka upande mmoja na maneno upande mwingine, na anayeshika maneno ndiye aliyeshika maana.

Baba alinunua TV na deki mwaka 2003 kwa hela ya majani ya chai. Hapo ndipo Mama alipoanza kuangalia. Alikuwa anakaa karibu na mlango, sufuria ya maharage ikichemka nje, anaingia na kutoka, na kila akirudi hakuwa amepotea, kwa sababu mtafsiri alikuwa na tabia ya kurudia: "Kwa wale mliochelewa, huyu ndiye yule aliyeiba sanduku."

Kuna kanda moja siisahau. Bibi harusi wa Kizungu anafika ukweni, baba mkwe anafungua mlango, na yule binti anamrukia, anamkumbatia, anambusu shavuni. Mama alishtuka, akaziba mdomo kwa kitenge. Alipoolewa yeye, na huu ndio uliokuwa utaratibu wa Wanyakyusa kwa vizazi, mke wa kijana hakutazamana na baba mkwe wake. Akisikia anakuja njiani, anaacha njia, anaingia migombani hadi mzee apite. Na sasa huyu hapa amemning'inia mzee shingoni!

Mtafsiri akasema, kwa utulivu kabisa: "Msishtuke jamani. Kwao huko mkwe anakumbatiwa. Ndiyo shikamoo yao."

Mama akashusha kitenge, akakaa sawa, akaendelea kuangalia.

Nimefikiria sana sekunde zile tano. Kwenye filamu yenyewe maneno yale hayakuwepo, wala hakuna mhusika aliyeyatamka. Mtu fulani, amekaa chumbani kwake na mashine ya kurekodia, aliwaza kwamba mahali fulani kuna mama atakayeziba mdomo wake kwa kitenge, akamwekea neno.

## Neno moja, watu watatu

Turudi kwa yule mjomba mwenye kofia.

Baada ya Mama kulala niliitafuta tamthilia ile kwa Kiingereza chake. Kijana anasema "uncle". Basi. Kwa Kiingereza inatosha. Ndugu wa mama ni huyohuyo, mdogo wa baba ni huyohuyo, kaka mkubwa wa baba ni huyohuyo. Kwetu hao ni watu watatu wasiofanana hata kidogo: mjomba, baba mdogo, baba mkubwa. Mjomba ni shemeji wa baba yako. Anakupenda, anakutania, unaweza kukimbilia kwake baba akikufukuza, lakini kwenye mirathi ya baba yako ni mgeni. Baba mdogo ni habari nyingine. Kwetu Rungwe zamani mali ya marehemu ilipita kwanza kwa mdogo wake wa tumbo moja, kabla ya kurudi kwa mtoto mkubwa wa marehemu. Ugomvi wa baba mdogo na mtoto wa kaka yake juu ya ng'ombe na migomba, hiyo hadithi mama yangu ameiona kwa macho yake zaidi ya mara moja. Amewahi hata kuitwa kutoa ushahidi.

Kwa hiyo tamthilia ile ilikuwa yake kabisa. Ilikuwa inasimulia kijiji chake. Neno moja likamfungia mlango.

Nimesoma kidogo jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Nyingi husikiliza sauti, huiandika kwa Kiingereza, huyafasiri maandishi, kisha huyatamka kwa sauti nyingine. Picha haiko katika safari hiyo. Programu haikuona kwamba yule mwenye kofia anafanana pua na marehemu. Ilipewa neno lenye milango mitatu, ikachagua mlango unaofunguliwa mara nyingi zaidi kwenye maandishi iliyosomeshwa, ikaingia bila kusita.

Kule kutosita ndiko kunakonisumbua. Kijana wa Makandana alipokuwa hajui, ulimsikia. Alikohoa. Alisema, "Hapa wanaongea mambo yao." Tulijua kwamba hapo pana shimo, tukaliruka pamoja naye. Sauti ya juzi haikukohoa popote. Ilisema "mjomba" kwa uhakika uleule iliosemea "habari za asubuhi", na mtu wa kawaida, tena mzee, akisikia Kiswahili kilichonyooka namna ile anadhani asiyeelewa ni yeye.

Nadhani ndiyo maana alikwenda kulala mapema. Hakuchoka. Alidhani akili yake imeanza kuchoka.

## Lakini alimpenda Doudou

Kuna jambo lilinipinga, na nililikwepa kwa siku kadhaa kwa kuwa lilikuwa linaniharibia hoja.

Mwaka 2011 TBC walionyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, ile ya Doudou na mama wakwe zake. Ilipendwa hadi Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Mama hakukosa sehemu hata moja. Na mle hakukuwa na mtafsiri anayesimama pembeni. Kila mhusika alikuwa na sauti yake, kama tu tamthilia yangu ya wafugaji. Vivyo hivyo zile za Kituruki zilizofuata kwenye ving'amuzi. Mama alizitazama na kulia nazo.

Mbona huko hakuuliza anayetuambia yuko wapi?

Nilimuuliza moja kwa moja, siku moja tukichambua maharage. Akafikiri. "Yule Doudou alikuwa na wifi, ana mama mkwe, ana mawifi wa huku na huku. Unamjua kila mtu ni nani wake."

Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimelisikia swali lake vibaya. Nilidhani anaililia sauti moja ya zamani, kama mimi ninavyoililia. Hakuwa anasema hivyo. Kwenye Doudou kulikuwa na watu, waigizaji na waandishi waliokaa wakabishana huyu aitwe wifi au shemeji, na kazi yao ilikuwa imefichwa ndani ya maneno. Kwa hiyo aliyekuwa akitupa habari alikuwepo, ingawa hakusimama mbele. Juzi alikuwa ameondoka kabisa, na Mama, asiyejua chochote juu ya mitambo, alisikia pengo lake ndani ya dakika kumi na tano.

## Yale ambayo sikutaka kuyakumbuka

Nikiishia hapo nitakuwa nimewapamba watafsiri wetu kuliko haki.

Dada yangu aliacha kuangalia filamu zilizotafsiriwa akiwa kidato cha pili. Hakutuambia sababu hadi amekuwa mtu mzima. Kila mwanamke aliyetokea kwenye kioo amevaa suruali, au ameshika sigara, au amemkatalia mwanaume, mtafsiri alikuwa na neno lake moja: malaya. Wakili wa kike mahakamani, malaya. Askari wa kike, malaya anayejifanya mwanaume. Baba alicheka, kaka zake tulicheka, na yeye alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka na sare yake ya shule.

"Nyinyi mlikuwa mnaangalia muvi," aliniambia. "Mimi nilikuwa naambiwa nitakuwa nani."

Sina la kumjibu hadi leo. Mtu anayekuwekea neno la kukutuliza anaweza pia kukuwekea neno la kukuchoma, na vyote viwili vinatoka mahali pamoja. Mashine ile ya juzi haikumtukana mwanamke yeyote. Katika hilo imewashinda wengi wao, na nalisema waziwazi.

Tena kuna suala la wizi. Zile filamu hazikuwa zao. Hakuna aliyeomba ruhusa Hong Kong wala Marekani, na waliolia zaidi walikuwa wasanii wetu wenyewe, kwa sababu CD ya filamu ya nje iliyotafsiriwa ilikuwa inauzwa bei ambayo Bongo Movie haikuweza kushindana nayo. Aprili 2017 waliingia barabarani Kariakoo kupinga filamu hizo. Niliwaelewa. Na jioni yake nilirudi nyumbani nikakuta tumewasha palepale, sauti ileile.

Na uongo pia. Nikiwa chuoni niliitazama kwa lugha yake filamu moja ya kung fu niliyoikariri utotoni, ya kijana anayelipiza kisasi cha dada yake. Hakuwa dada yake. Walikuwa wachumba. Mtafsiri alibadilisha. Nilikasirika sana, nikajiona nimedanganywa miaka kumi. Sasa, nikiwa na watoto, nadhani najua kilichomsukuma: mabanda yalikuwa yamejaa watoto, na kufa kwa ajili ya dada ni jambo ambalo kila mmoja wetu alilielewa papo hapo. Bado sijaamua kama alikuwa na haki. Siku nyingine naona alikuwa nayo, siku nyingine nakumbuka sare ya dada yangu na naona mtu yule alikuwa na madaraka makubwa mno kwa kipaza sauti kimoja.

## "Ni sauti tu"

Mtoto wa huyo dada yangu anasoma Iringa, na likizo yuko kwetu. Haangalii filamu nzima. Anaangalia vipande kwenye simu, dakika moja moja, ambamo sauti ya kiume yenye haraka inasimulia kilichotokea: jamaa huyu anaamka anakuta dunia imeisha, anatoka nje, anaona mbwa. Kwa siku moja anaweza kumaliza filamu nne namna hiyo.

Nilikaa naye nikasikiliza. Mwanzoni nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Huyu ni mtafsiri wetu! Sauti moja, inasema kwa niaba ya wote. Nilidhani nimempata Mama jibu lake: yule anayetuambia amehamia kwenye simu.

"Huyu jamaa ni nani?" nikamuuliza mpwa wangu. "Ni wa Dar?"

Akaniangalia kwa huruma kidogo.

"Hakuna mtu, mjomba. Ni sauti tu."

Akanionyesha chaneli nyingine tatu zenye sauti ileile, pumzi ileile isiyokatika, kila moja ikisimulia filamu tofauti. Aliniita mjomba, na ni mjomba wake kweli, ndugu wa mama yake. Neno lilikaa mahali pake kama kifuniko kwenye sufuria yake. Nilikaa pale na simu yake mkononi nikimwaza yule mwenye kofia.

Nikamuuliza kama haimsumbui kwamba hakuna mtu. Akasema haimsumbui, ila kuna wakati hadithi zinachanganyika kichwani, hajui ipi ilikuwa ipi. Kisha akaniomba simu yake.

## Mwanjelwa

Jumanne moja nilishuka Mwanjelwa kwa fundi anayeweka filamu kwenye flashi. Chumba chake kinaingia watu wawili, wa tatu anasimama mlangoni. Kompyuta moja, bango la bei ukutani, na wateja waliokuja na flashi zimefungwa kwenye leso kama hirizi.

Nilimkuta anahudumia bibi mmoja aliyesema ametoka Igawilo. Bibi hakutaja jina la filamu hata moja. Alitaja jina la mtafsiri. "Niwekee zake mpya, zile za mapigano hapana." Fundi akasema nusu ya wateja wake wakubwa wako hivyo, wanafuata mtu, hawafuati picha. Watafsiri wenyewe sasa wanauza kwa magrupu ya simu, wanatuma salamu mwanzoni kwa wadau wa Mbeya na Tunduma, wanataja namba zao. Zile za mashine anazo pia. Vijana wanazichukua, kwa sababu zinatoka haraka na hazina maneno mengi. Wazee wanazirudisha.

"Wanasema zina kasoro gani?"

"Hawasemi kasoro," akanijibu huku anasubiri faili limalizike. "Wanasema tu, hii nibadilishie."

Njiani kurudi, kwenye daladala, nilikuwa nawaza jambo nililosoma juu ya Japani. Enzi za sinema bila sauti, kila ukumbi kule ulikuwa na msimulizi, benshi, aliyesimama kando ya kioo akawaambia watu kinachoendelea, na watu walilipa kiingilio wakimfuata yeye kuliko filamu. Kisha sinema zikaanza kuongea zenyewe. Mmoja wa wasimulizi hao alikuwa Heigo, kaka yake Akira Kurosawa aliyekuja kuwa mwongozaji mkubwa wa filamu. Kazi ilikwisha. Mwaka 1933 Heigo alijiua.

Wajapani hawakuacha kwenda sinema. Filamu ziliendelea, nzuri sana nyingine, na mdogo wake mwenyewe akazitengeneza. Nafikiri ndiyo sababu ni vigumu kulisemea jambo hili. Hakuna kilichoharibika ambacho unaweza kukinyooshea kidole. Kioo kinaendelea kuwaka, hadithi zipo, nyingi kuliko wakati wowote, tena kwa lugha yetu, jambo ambalo kijana wa Makandana asingeweza hata kuliota. Kinachopungua ni wale waliojua sisi ni akina nani.

## Jumapili

Jumapili iliyopita niliweka tamthilia ileile. Nilichagua ya Kiingereza, nikapunguza sauti hadi ikawa mnong'ono. Nikamwambia Mama, leo nitakuambia mimi.

Akacheka. Akavuta blanketi.

Ni kazi ngumu. Sikujua kama ni ngumu namna ile. Ukieleza kilichosemwa, kinachofuata kimekupita. Ukikimbizana na maneno, unasahau kueleza nani anayasema. Dakika tano nilikuwa natoka jasho na baridi yote ile. Nilimfikiria Lufufu na filamu za saa mbili, mtu mmoja, bila kunywa maji.

Tukafika mezani. Kijana akageuka kwa yule mwenye kofia. Nikafungua mdomo, nikakwama. Niligundua kwamba mimi mwenyewe sijui. Muda wote huu nimeisema mashine, na kumbe hata kwa Kiingereza hakuna mahali palipotamkwa bado kama ni wa upande wa baba au wa mama. Nilikuwa nimehisi tu, kwa pua.

"Mbona umenyamaza?"

"Sijui kama ni mjomba wake au baba mdogo."

"Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha hadi mazishini. Mama alisogea mbele, karibu na kioo, mkono mmoja juu ya nyusi kama mtu anayetazama kondeni wakati wa jua.

"Unaona aliyeshika koleo wa kwanza? Ni yeye. Sasa peleka mbele. Hapo. Amekaa kiti cha nani?"

Niliangalia. Mwanzoni kabisa, kabla hajafa, mzee alikuwa amekaa kwenye kiti hichohicho, mwisho wa meza, mgongo dirishani.

"Mjomba hakai hapo," Mama akasema. "Hata awe mjinga namna gani. Huyo ni baba mdogo. Na huyu mwanamke asiyekaa, aliyesimama mlangoni na sahani, ndiye mjane, na ameshajua kwamba wanamtaka atoke. Mwangalie mkono."

Mkono wa yule mwanamke ulikuwa umeikamata fremu ya mlango. Nilikuwa nimeitazama sehemu ile mara tatu na sikuwahi kuuona.

Mke wangu akatoka jikoni anafuta mikono, akasimama nyuma ya kochi, akauliza wale wanagombania nini. Nikavuta pumzi nimweleze.

"Kaa hapa, mwanangu," Mama akamwambia, akimwachia nafasi kwenye blanketi, "nikuambie."